Sayari za mawe zilizobanana na nyota zake: njia nne za kuzitafuta ukiwa Dodoma

Wanafunzi wa fizikia na walimu wa sekondari hapa Dodoma huniuliza mara kwa mara: mtu anayetaka kushiriki kutafuta sayari za nyota nyingine aanzie wapi? Wapo waliokwisha kuanza kuweka akiba ya darubini. Wapo wanaosema darubini ni anasa, kompyuta inatosha. Wengine wamesikia kuna tovuti ambako mtu yeyote anakagua data za setelaiti bila kusomea chochote. Wote wana hoja, na yeyote kati yao anaweza kupoteza mwaka mzima akishika njia isiyolingana na kile anachokitafuta.

Nitajibu kwa kundi moja tu la sayari, lile ninalolipenda kuliko yote: sayari za mawe zinazozunguka karibu mno na nyota zake, kiasi kwamba mwaka wao haufiki hata siku yetu moja. CoRoT-7b, iliyotangazwa mwaka 2009, hukamilisha mzunguko kwa saa 20 na nusu hivi. Kepler-10b, ya Januari 2011, huchukua saa 20. Kisha mwaka 2013 ikaja Kepler-78b, yenye upana wa mara 1.2 ya Dunia, ambayo mwaka wake ni saa 8 na nusu. Upande unaotazama nyota una joto la kuyeyusha mwamba. Mwaka 2014 Roberto Sanchis-Ojeda na wenzake walichekecha data za darubini ya anga ya Kepler wakapata wagombea 106 wa aina hii, yaani vitu vinavyodhaniwa kuwa sayari lakini havijathibitishwa, wakakadiria kwamba takriban nyota moja kati ya 200 zinazofanana na Jua ina sayari kama hiyo. Nyingi hazifiki mara mbili ya upana wa Dunia.

Kwa hiyo zipo, tena si haba. Ila ule ufupi wa mwaka wao huibeba njia moja ya utafutaji na kuiangusha nyingine. Hilo ndilo la kuangalia kabla hujatoa hata shilingi.

Vigezo nitakavyotumia

Kwanza vifaa na gharama, pamoja na mambo ya kwetu: umeme, bando, vumbi na mvua. Pili, je, njia hii inaweza kweli kuliona jiwe dogo, au itaishia kwenye sayari kubwa za gesi? Tatu, mwaka mfupi unaisaidia au unaiumiza? Nne, ukishahangaika, unabaki na nini mkononi, na ni rahisi kiasi gani kudanganyika? Kigezo cha pili na cha tatu nitavipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama.

Njia zenyewe

Ya kwanza naiita njia ya jicho. Mradi wa Planet Hunters TESS, ulio kwenye jukwaa la Zooniverse tangu Desemba 2018, unakuonyesha mchoro wa mwanga wa nyota, yaani vitone vinavyoonyesha mwanga ulivyopanda na kushuka siku baada ya siku. Wewe unaweka alama pale unapoona mwanga umezama kidogo, kwa kuwa huenda kuna sayari imepita mbele ya nyota. Huo ndio mpito.

Ya pili ni njia ya kompyuta. Unachukua data za darubini ya anga ya TESS, iliyorushwa Aprili 2018, au za Kepler, iliyofanya kazi kuanzia 2009 hadi 2018. Zote zimewekwa wazi bila malipo kwenye hifadhi iitwayo MAST. Unazichambua kwa programu, wengi wakitumia lugha ya Python na kifurushi cha Lightkurve.

Ya tatu ni darubini yako mwenyewe au ya shule, ukipima mwanga wa nyota ukiwa hapa hapa.

Ya nne ni njia ya kasi. Sayari huivuta nyota yake, nyota ikayumba, na kuyumba huko kunaonekana kwenye spektra ya mwanga wake, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake. Vipimo hivyo hufanywa na mashine kubwa kama HARPS iliyoko La Silla nchini Chile tangu 2003. Kazi yako hapa ni kuchambua upya vipimo vilivyokwisha kuwekwa hadharani.

Vifaa, umeme, bando na vumbi

Njia ya jicho haina gharama ya kuzungumzia: kompyuta yoyote yenye intaneti, ya maktaba au ya ofisini baada ya kazi, inatosha.

Njia ya kompyuta inatisha watu bure. Faili la mchoro wa mwanga wa nyota moja, kwa takriban siku 27 ambazo TESS hukaza macho eneo moja la anga, ni megabaiti chache tu. Kinachokula bando ni picha kamili za anga, na hizo huna haja ya kuzipakua zima; unakata kipande kidogo kinachozunguka nyota yako. Ukifanya kazi ndani ya Google Colab, hesabu zinafanyika huko mbali na wewe unalipia kurasa tu. Kompyuta mpakato ya kawaida inamudu. Umeme ukikatika, betri inakuokoa, mradi umehifadhi kazi yako.

Darubini ndiyo yenye gharama, na gharama kubwa mara nyingi haiko kwenye kioo. Kwa kupima mipito unahitaji darubini ya kipenyo cha sentimita 20 hivi au zaidi, kamera nzuri, na kiegemeo chenye mota kinachoifuata nyota kwa saa nyingi bila kuyumba. Hapa Dodoma kiegemeo kina shida yake. Tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho, mara nyingi nyuma ya kilima, mti au ukungu wa vumbi. Viegemeo vingi vimetengenezwa kwa watu wa latitudo za juu na haviteremki hadi nyuzi 6 bila kuongezewa kabari. Uliza hilo kabla ya kununua.

Faida yetu nayo ni kubwa. Karibu na ikweta unaona karibu anga lote, la kusini na la kaskazini. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni nyanda kame, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni nadra. Upepo wa miezi ya kiangazi unaleta vumbi, kwa hiyo kifuniko cha darubini na brashi laini visikae mbali. Taa za mjini zimeongezeka sana tangu serikali ihamie huku. Ukitoka kuelekea Bahi au Hombolo utaona tofauti kwa macho tu.

Njia ya kasi inadai vifaa vichache zaidi ya vyote. Jedwali la vipimo vya nyota moja huwa na mistari mamia kadhaa, kilobaiti chache. Gharama yake iko kichwani: unahitaji hesabu za mizunguko ya sayari na takwimu za kiwango cha chuo. Asiye na msingi huo ajipe muda wa kuujenga kwanza.

Je, jiwe linaonekana?

Hapa ndipo ninapowaomba watu wachukue kalamu. Kina cha mpito kinapatikana kwa kugawanya kipenyo cha sayari kwa kipenyo cha nyota, kisha kuzidisha jibu kwa lenyewe. Dunia mbele ya Jua inaziba sehemu 84 katika milioni. Kepler-78b, kwa kuwa nyota yake ni ndogo kuliko Jua, inaziba sehemu 200 hivi katika milioni. Linganisha na WASP-43b, sayari kubwa ya gesi inayozunguka nyota yake kwa saa 19 na nusu: inaziba asilimia 2.5, yaani sehemu 25,000 katika milioni.

Jicho linaweza kuiona WASP-43b kwenye mchoro bila shida. Mpito mmoja wa Kepler-78b halitauona kamwe, kwa kuwa umezama ndani ya kelele za kipimo. Sisemi hivyo kwa kuidharau njia ya jicho. Nguvu yake iko kwenye mambo ambayo mashine hazikufundishwa kuyatambua: mpito mmoja wa pekee, sayari ya mwaka mrefu, nyota yenye tabia ya ajabu. Mwaka 2012, katika mradi wa Planet Hunters uliotangulia na uliotumia data za Kepler, watu wa kujitolea waligundua sayari inayozunguka nyota mbili kwa pamoja. Lakini kwa jiwe la saa nane, jicho peke yake limechelewa.

Darubini ya shule iko karibu na mkasa huo huo. Hewa iliyo juu yetu inatikisa mwanga, na anayeanza atashukuru akifikia usahihi wa sehemu elfu chache katika milioni. Mipito ya sayari kubwa za gesi ataiona. Mawe yanayozunguka nyota kama Jua, hapana. Kuna mlango mmoja mdogo: nyota vibete vyekundu, yaani nyota ndogo na hafifu kuliko Jua. LHS 3844 b, iliyotangazwa mwaka 2018, ni jiwe lenye upana wa mara 1.3 ya Dunia na mwaka wa saa 11. Kwa kuwa nyota yake ina upana wa takriban moja ya tano ya Jua, mpito unafika asilimia 0.4. Kwenye karatasi inawezekana. Ila nyota yenyewe ni hafifu sana kwa mwanga wa kawaida, na kutoka Dodoma haipandi zaidi ya nyuzi 27 hivi juu ya upeo wa kusini, pale penye vumbi zito. Ningemwachia mwenye darubini kubwa na uzoefu.

Kompyuta inashinda kikwazo hiki kwa kukunja data. Ukiujua mzunguko, au ukiukisia, unakata mchoro wa siku 27 vipande vya saa 8 na nusu na kuvilaza kimoja juu ya kingine, kama unavyokunja kanga mpaka pindo likakae juu ya pindo. Kelele, ambazo hazina mpangilio, zinafutana. Mpito, ambao unarudi mahali pale pale, unajikusanya. Kwa mipito 76 inayoingia kwenye siku 27, kelele zinapungua karibu mara tisa. Kepler ilitazama nyota hiyo kwa miaka minne hivi, karibu mipito 4,000, na hapo kelele zinapungua zaidi ya mara 60. Sehemu 200 katika milioni, zisizoonekana kabisa kwenye mchoro wa awali, zinasimama wazi kama shimo dogo lenye kingo.

Anayeliona shimo hilo likitokeza kwa mara ya kwanza kwenye skrini yake huwa hasahau. Ndiyo maana nasisitiza mtu alifanye mwenyewe, hata kwa sayari iliyokwisha kujulikana.

Njia ya kasi haijali kina cha mpito hata kidogo, wala haidai sayari ipite mbele ya nyota. Inachopima ni mvuto. Dunia inalivuta Jua kwa sentimita 9 kwa sekunde tu. Kepler-78b, kwa kuwa iko karibu sana, inaiyumbisha nyota yake kwa takriban mita 1.7 kwa sekunde. Ukaribu umeikuza ishara, lakini bado ilihitaji vyombo vya daraja la juu: HARPS-N kwenye kisiwa cha La Palma na HIRES kwenye darubini ya Keck huko Hawaii. Jiwe linaonekana, ndiyo, ila ni kwa data ambazo wengine wamezipima, na kwa nyota chache walizozichagua wao.

Mwaka mfupi: baraka kwa nani, balaa kwa nani

Kwa kompyuta ni baraka tupu. Kwanza, sayari iliyo karibu na nyota ina nafasi kubwa zaidi ya kupita mbele yake kwa mtazamo wetu. Kwa Kepler-10b nafasi hiyo ni zaidi ya moja katika nne. Kwa sayari iliyo umbali wa Dunia kutoka Jua ni karibu moja katika 200. Pili, mipito ni mingi ndani ya muda mfupi, kama tulivyoona.

Kuna tahadhari moja. Mpito wa Kepler-78b hauchukui hata saa nzima. Kepler ilikuwa ikihifadhi vipimo vya nyota nyingi kila baada ya dakika 29 hivi, kwa hiyo kingo za mpito mfupi hupakazwa na kina kikaonekana kidogo kuliko kilivyo. TESS inapima nyota teule kila dakika 2, na muda kati ya picha zake kamili umepungua kutoka dakika 30 mwanzoni, hadi 10, hadi sekunde 200. Kwa sayari za saa chache, chagua data za hatua fupi kila zinapopatikana. Vilevile, programu nyingi za kutafuta mipito zimewekwa zianze na mizunguko ya zaidi ya nusu siku au siku moja. Usipoibadilisha mipaka hiyo, sayari za saa nane zitakupita zote bila wewe kujua.

Kwa jicho, mwaka mfupi ni balaa: mchoro wa siku 27 wenye mipito 76 hafifu unaonekana kama mstari wenye ukungu tu.

Kwa darubini mambo yamechanganyika. Mpito mfupi unaingia wote ndani ya usiku mmoja, na hiyo ni raha. Chukua tena WASP-43b. Si ya mawe, lakini ni zoezi bora kwa mtu wa Dodoma, kwani nyota yake inapita karibu kabisa na utosi wetu. Katikati ya Mei, mvua zikiwa zimekatika, saa mbili usiku tayari iko juu ya kichwa. Mpito wake unadumu dakika 70 hivi. Mizunguko yake mitano ni saa 97.6, yaani siku nne na saa moja na nusu hivi. Ukipata mpito leo saa mbili usiku, baada ya siku nne utaupata saa tatu na nusu. Unapanga ratiba yako na ya wanafunzi bila kubahatisha.

Balaa la darubini ni mchana. Sayari ambayo mwaka wake unakaribia saa 24 au nusu yake inaweza kupita mbele ya nyota wakati Jua liko juu kwetu, wiki baada ya wiki. Ukiwa mahali pamoja duniani huna la kufanya ila kusubiri mzunguko uhame wenyewe.

Mchana huo huo ndio unaoitesa njia ya kasi, na mfano wake ninaupenda kuliko yote. Sayari ya 55 Cancri e iligunduliwa mwaka 2004 kwa njia ya kasi, ikaaminika kuwa na mwaka wa siku 2.8. Mwaka 2010 Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky walichambua upya data zilizokuwepo wakaona kwamba siku 2.8 ni mzunguko wa uongo. Hesabu yake unaweza kuifuata. Sayari ya siku 2.817 inazunguka mara 0.355 kwa siku. Sayari ya siku 0.7365 inazunguka mara 1.358 kwa siku. Toa moja kutoka nyingine: 1.003, karibu mara moja kwa siku kamili. Anayepima usiku tu, nyota ikirudi mahali pale pale kila siku, hawezi kuzitofautisha kirahisi. Mwaka wa kweli ulikuwa saa 17 na dakika 40 hivi. Mwaka 2011 darubini za anga za MOST na Spitzer ziliuona mpito mahali hasa palipotabiriwa.

Dawson na Fabrycky hawakugusa darubini yoyote kwa kazi yao. Mtu mwenye hesabu nzuri na jedwali la vipimo vya zamani anaweza kuona walichokipita wengine, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya njia ya nne. Baraka yake pia ipo. Madoa ya nyota huvuruga vipimo vya kasi kwa siku na wiki, lakini sayari ya saa nane inakamilisha sehemu kubwa ya mzunguko wake ndani ya usiku mmoja, kabla madoa hayajahama sana. Ukilinganisha vipimo vya usiku ule ule tu, vurugu nyingi zinaondoka.

Unabaki na nini, na unadanganyikaje

Kwa jicho unabaki na mchango ndani ya kazi ya watu wengi. Alama yako inaunganishwa na za wengine, na wataalamu wanaendelea. Ukikosea, wengine wanakufuta. Hilo linampa uhuru anayeanza.

Kwa kompyuta unabaki na mgombea, na mgombea si sayari. Adui mkubwa ni nyota mbili zinazozibana, yaani zinazozungukana na kupita moja mbele ya nyingine. Pikseli moja ya TESS inafunika sekunde 21 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), eneo pana kiasi cha kumeza nyota kadhaa kwa mpigo. Jozi hafifu ya nyota iliyo pembeni, inayozibana kwa nguvu, ikichanganywa na mwanga wa nyota angavu, inaonekana sawasawa na jiwe dogo. Tenganisha mipito ya namba shufwa na ya witiri. Ikiwa kina kinatofautiana, hizo ni nyota mbili na mzunguko wa kweli ni maradufu. Tafuta mzamo wa pili katikati ya mipito. Angalia kama kitovu cha mwanga kinahama wakati wa mpito.

Kuna zawadi moja ambayo wachache wanaijua. Hata bila kupima tungamo, mzunguko peke yake unakwambia kitu kuhusu densiti, kwa sababu sayari laini ikisogea karibu mno inachanwa na mvuto wa nyota. Kwa makadirio, gawanya 12.6 kwa saa za mzunguko, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: hiyo ndiyo densiti ya chini, kwa gramu kwa sentimita ya ujazo. Kepler-78b inatoa 2.2. Mgombea KOI-1843.03, wa saa 4.2 tu, anatoa 9. Hesabu za kina zaidi zinateremsha hadi 7 hivi, na bado anatakiwa kuwa na chuma kingi sana tumboni. Umeyapata hayo ukiwa na mchoro wa mwanga na kikokotoo.

Darubini, iliyoonekana dhaifu hapo juu, inapata heshima yake hapa. Kama nyota ya pembeni ndiyo inayozibana, mzamo wake ni mkubwa, na darubini ya sentimita 20 yenye picha kali kuliko za TESS inaweza kuukamata. Huhitaji kuliona jiwe. Unahitaji kuthibitisha kwamba majirani wametulia. Kazi hii ya kuwasafisha wagombea inahitajika kweli, na ni ya uaminifu kabisa kwa darubini ndogo.

Njia ya kasi inakupa tungamo, kitu ambacho nyingine zote haziwezi. Timu mbili huru zilipima Kepler-78b na kukuta densiti inayofanana na ya Dunia, inayozunguka gramu 5.5. Ila bila mpito unapata tungamo la chini tu, kwa kuwa hujui obiti imelala vipi. Kwa hiyo kasi na mpito vinahitajiana.

Mwongozo kwa hali yako

Uko kidato cha tano au cha sita, huna kompyuta yako, unapata intaneti kwa kuibia muda: anza na jicho. Baada ya michoro ya kutosha utajua nyota yenye madoa inavyopumua na nyota mbili zinavyozibana, na ujuzi huo utakuokoa baadaye. Usitegemee jiwe la saa nane.

Uko chuo, UDOM au kwingineko, unatafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho: njia ya kompyuta ina uwiano mzuri wa gharama na matokeo. Rudia Kepler-10b kwanza, kisha Kepler-78b, na ukizipata zote mbili bila kuchungulia majibu, hamia kwenye nyota ambazo TESS imezitazama mara nyingi. Kama wewe ni wa hisabati au takwimu, na fizikia si mzigo kwako, ichukue njia ya kasi. Watu wa upande huo ni wachache.

Wewe ni mwalimu wa klabu ya sayansi na shule imekubali kutoa fedha kidogo: ningeigawa bajeti. Kompyuta moja nzuri kwanza. Darubini ije kama mna mahali penye giza na mtu wa kuitunza kwa miaka, si kwa muhula mmoja. Kwa wanafunzi, usiku mmoja wa kuona mwanga wa WASP-43b ukishuka moja kwa moja mbele yao una uzito ambao skrini haiwezi kuutoa, na sitaki mtu yeyote aubeze.

Una fedha, una kiwanja nje ya mji, unapenda kukesha: darubini ni yako. Jipe msimu mmoja wa kiangazi kwenye sayari kubwa za gesi hadi usahihi wako utulie, kisha omba kushiriki kukagua majirani wa wagombea wa TESS.

Na kama tayari una mgombea mkononi, kabla hujamwambia mtu, tafuta namba ya nyota yake kwenye orodha ya ExoFOP na kwenye NASA Exoplanet Archive. Akiwa ameorodheshwa, soma wenzako walipofikia na uone kipimo gani kimebaki. Akiwa hayumo, mjaribu tena kwa data za kipindi kingine cha TESS ambazo hukuzitumia mwanzoni, ukiwa umeandika pembeni mapema ni saa ngapi unatarajia mpito utokee.